Bia kwa Bei ya Zamani

Jumapili, 1 Mei

Zimebaki siku sita nipate Kipaimara. Siku sita! Nimefungua daftari jipya. Mwalimu Heffernan anasema anayejiandaa kumpokea Roho Mtakatifu aandike kila siku jambo moja jema alilotenda. Leo bado sijatenda. Siku haijaisha.

Hali ilivyo. Msimamizi wangu ni Bibi Attracta, dada yake Babu Malachy. Nilimwomba wakati wa Krismasi, akakubali, akalia kidogo. Kisha ikaja Januari na ile sheria ya bei. Serikali imeweka kiwango, na hakuna duka katika nchi yetu linaloruhusiwa kuuza pombe chini ya hapo. Katoni ya bia ya Babu ililala Jumatatu na bei yake, ikaamka Jumanne na karibu mara mbili yake.

Bibi Attracta hajaonja pombe tangu Kipaimara chake mwenyewe. Miaka sitini na mmoja! Anavaa beji ndogo ya Moyo Mtakatifu, beji ya wasiokunywa. Mama anasema huivaa hata kwenye gauni la kulalia. Siku sheria ilipoanza alisimama mlangoni pa kanisa akasema, kwa sauti ya kufika makaburini, kwamba ashukuriwe Mungu, sasa walevi watapata akili. Babu alikuwa hatua mbili nyuma yake. Akaapa palepale. Dada yake hatakaa mezani pake mpaka siku atakapoweka juu ya meza hiyo katoni ya bia kwa bei ya zamani. Bibi naye akageuka akaapa la kwake. Hakanyagi nyumba yenye bia iliyovushwa mpakani. Maana kijiji chetu chote cha Kilnacor siku hizi kinakwenda Newry, dakika ishirini tu kwa gari, ng'ambo, upande wa Uingereza, ambako sheria yetu haifiki.

Hawajazungumza tangu hapo. Miezi minne.

Leo baada ya misa Bibi amenishika mkono. Akasema kwa upole kwamba mtu asiyekaribishwa mezani hawezi kusimama nyuma ya mtoto kanisani. Babu asipomwalika mpaka Jumamosi, nitafute msimamizi mwingine. Lakini mimi simtaki mwingine! Mwingine ni Mwalimu Heffernan, ambaye huwasimamia wasio na mtu. Mwaka jana alisimamia wanne kwa mpigo. Mikono haikumtosha.

Clodagh Gormley, binti wa mwenye duka, msimamizi wake anatoka Dublin na gari lisilo na paa. Nyumbani kwao kutakuwa na ngome ya kurukia, ya kujazwa upepo, yenye mtelezo. Ameniuliza kama wangu anakuja na baiskeli. Nikamwambia nitamwombea. Hilo ndilo jambo jema la leo.

Jumatatu, 2 Mei

Sikukuu, hakuna shule. Mpango wa Kwanza.

Nimekwenda dukani kwa Bwana Gormley nikiwa nimechana nywele. Nikamwomba aniuzie katoni moja kwa bei ya zamani, mara moja tu, kwa sababu za kidini. Akanionyesha karatasi ya sheria ukutani. Akasema atapigwa faini mpaka duka liwe la serikali. Nikauliza kama anaweza kuuza kwa bei mpya halafu akanipa zawadi ya pesa, bila uhusiano wowote. Akaniuliza nina umri gani. Kumi na miwili. Akauliza kama anasikia vizuri kwamba mimi ndiye ninayenunua bia. Hapo Clodagh akainuka nyuma ya kaunta kama jua. "Dervla Duffy ananunua bia! Wiki ya Kipaimara!"

Walikuwapo kina mama watatu. Habari ilifika nyumbani kabla yangu.

Bwana Gormley mwenyewe nilimhurumia. Alisema wateja wote wamemkimbia. Wakienda ng'ambo kufuata bia wanarudi na mkate, sabuni, na chakula cha mbwa. Lakini yeye ni mzalendo. Tangu Januari hajavuka mpaka hata mara moja. Alisema hivyo mkono ukiwa kifuani.

Mchana nimemwandikia Waziri wa Afya. Nimeomba sheria ipumzike Jumamosi, saa sita mpaka saa kumi na mbili, katika Kilnacor tu. Nimeambatanisha stempu ya kujibia. Mwandiko mzuri sana.

Jumanne, 3 Mei

Waziri hajajibu.

Haidhuru! Nimepata Mpango wa Pili, na ni mzuri kiasi kwamba nilibaki nimekaa kitandani huku nimeushikilia mto. Babu aliapa bei. Hakuapa duka. Kule Newry bei ya zamani bado ipo, hai, kwenye rafu!

Nilimweleza Babu alipokuwa akiwalisha kuku. Akaacha kutupa mahindi. Kisha akavua kofia. Akasema mwanamume wa ukoo wa Duffy havunji kiapo, lakini hakuna aliyemkataza kukitimiza. Akasema nikikua nitakuwa wakili au mwizi. Akasema pia, akiwatazama kuku na si mimi, kwamba mkate wa kahawia wa Mama haufanani na wa Attracta, na kwamba nisimwambie Mama.

Tatizo moja. Usafiri. Daktari amemnyang'anya Babu funguo kwa sababu ya ukungu wa jicho la kushoto. Baba yuko Ufaransa na lori mpaka Ijumaa. Mama hajui kuendesha. Gari pekee lenye nafasi ni la Bibi Attracta.

Kwa hiyo bia ataileta Bibi Attracta mwenyewe. Bila kujua! Nilitetemeka kwa uzuri wa jambo hili.

Nilivaa jozi tatu za soksi nikaenda kwake. Nikamwambia viatu vyangu vyeupe havinitoshi, na vya saizi yangu viko Newry. Ni uongo? Kwa soksi tatu ilikuwa kweli kabisa. Akaitazama miguu yangu akasema hiyo ndiyo miguu ya ukoo, na kwamba viatu si pombe, atanipeleka. Nikasema na Babu ana shida ya miwani. Akaipangusa beji yake kwa kidole. Mwishowe akasema kiti cha nyuma cha gari hakina mwenyewe, lakini mazungumzo hayatakuwapo.

Jambo jema la leo: nimewaweka kaka na dada katika gari moja.

Jumatano, 4 Mei

Loo! Loo!

Niandike kwa utaratibu. Mwalimu Heffernan anasema utaratibu ni nusu ya ukweli.

Tumeondoka baada ya shule. Bibi usukani, mimi kando yake, Babu nyuma kama mzigo wa mtu. Kabla hatujafika njia panda, Babu akasema nimwambie bibi yangu apunguze mwendo, mbele kuna kona. Bibi akasema nimwambie babu yangu kwamba kona anaiona, yeye ana macho mawili. Babu akasema nimwambie aliyemfundisha kuendesha ni nani. Bibi akasema nimwambie kwamba ndiyo maana aligonga lango la shule. Nilikuwa nageuka mbele na nyuma mpaka shingo ikauma.

Kisha Bibi akaanzisha rozari. Hapo Babu alishikwa. Kusali si kuzungumza, na Mkatoliki hawezi kuacha Salamu Maria ikining'inia nusu. Akaitikia! Akaitikia mbio ili tumalize. Bibi akavuta maneno ili tusimalize. Mpaka tunaingia Newry walikuwa wakigombana kwa Salamu Maria hamsini, na mimi moyoni nilifurahi, maana yalikuwa maneno yao ya kwanza pamoja tangu Januari.

Kwenye maegesho ya duka kubwa tulikuta parokia nzima. Namba za magari zote za kwetu. Kila mtu amekuja kununua kitu kingine. Sajini wa polisi amekuja kufuata mbegu za viazi. Mama wa kwaya amefuata karatasi za chooni. Nikamsalimia kwa heshima, na chini ya karatasi kigarini mwake chupa zikagongana kidogo, zikalia kama kengele za misa. Na nyuma ya nguzo, ameinama, kofia machoni, yuko nani? Bwana Gormley! Mzalendo! Katoni tatu na begi la chipsi juu yake. Tukatazamana. Akasema amekuja kulinganisha bei, kwa ajili ya elimu.

Mpango ulikuwa hivi. Mimi nimzuie Bibi kwenye duka la viatu dakika arobaini na tano. Babu anunue, apakie nyuma ya gari, kwenye buti la mizigo, afunike. Gari la Bibi halifungwi kamwe, kwa kuwa anasema liko chini ya ulinzi. Nilijaribu jozi kumi na moja. Nikamwuliza muuzaji kila kiatu kimetengenezwa wapi. Nikasahau kabisa kuvua soksi mbili. Tumenunua vyeupe, vyenye kishikizo, vizuri mno.

Babu alikuwa amesimama nje akitabasamu kama padri siku ya sadaka kubwa, bila koti, ameinua kofia. Ile ndiyo ishara! Katoni nne. Moja ya kiapo, tatu za tahadhari. Amezifunika kwa koti lake la zamani.

Kurudi, Babu aliimba. Bibi alisema nimwambie babu yangu kwamba anaharibu mandhari.

Nyumbani Babu akasema atanisaidia kutoa viatu kwenye buti. Akafungua. Mlikuwa na viazi vya Bibi, mwavuli, na boksi la viatu. Basi. Hakuna katoni. Hakuna koti. Babu akaingiza kichwa chote ndani. Bibi akaniambia nimwulize babu yangu anatafuta nini. Babu akasema mwavuli. Jua lilikuwa kali.

Tumekutana bandani kwa kuku. Babu ameapa kwamba hajakosea. Gari dogo, la kijivu, halijafungwa, rozari imening'inia kwenye kioo.

Babu, nikamwambia, ile ilikuwa parokia nzima. Nani hana rozari?

Alhamisi, 5 Mei

Tumejua ni nani.

Padri Canice ameingia darasani uso unang'aa. Ametuambia kwamba jana alikwenda Newry kufuata, naam, mishumaa. Akarudi, akafungua buti, akakuta katoni nne za bia zimefunikwa koti kuukuu. Roho njema fulani imetoa sadaka kwa siri, kama Injili inavyotaka! Zitakuwa zawadi katika bahati nasibu ya kesho jioni ukumbini, kwa ajili ya paa linalovuja. Clodagh akauliza kama haziwezi kuwa za mwizi. Padri akasema mwizi huchukua, haweki. Kisha darasa zima likasimama kumwombea mfadhili. Watoto ishirini na wanane walimwombea Babu. Ana sala nyingi kuliko askofu, na hana hata kopo moja.

Gari la Padri nimekwenda kulitazama wakati wa mapumziko. Dogo. Kijivu. Rozari kwenye kioo, Mtakatifu Kristofa wa wasafiri mbele ya usukani. Sawasawa na la Bibi.

Babu alipiga kuta. Alisema Padri amemmezea kiapo. Kisha akatulia akaniuliza Padri alisemaje hasa, hapo kwenye roho njema. Nikayarudia. Akaniomba nirudie tena, polepole. Mara ya tatu alikaa vizuri kitini.

Lakini mimi nakumbuka jambo. Ndani ya kola ya koti kuna M. DUFFY kwa uzi mwekundu. Jina hilo Bibi Attracta alilishona Babu alipokwenda Uingereza kutafuta kazi ujana wake. Babu anasema hakuna binadamu anayesoma kola ya koti.

Kwa nini tusimwambie Padri tu? Kwa sababu Bibi anapanga maua ya Kipaimara wiki nzima na hamwachi Padri hata hatua mbili. Akisikia tu kwamba gari lake lilitumika kufuata bia, basi tena, ameondoka.

Ila kesho asubuhi darasa letu linakwenda kuungama! Siri tupu! Padri haruhusiwi kumwambia mtu hata akichomwa moto. Mpango wa Tatu. Sijui kwa nini watu hawatumii maungamo zaidi.

Ijumaa, 6 Mei

Asubuhi.

Nimeungama. Nilianza na soksi, ili nimzoeshe. Kisha nikamweleza yote. Kikohozi nyuma ya wavu. Kisha Padri akanong'ona kwamba, mtoto wangu, ungeniambia haya nje pale kwenye gari ningekurudishia sasa hivi. Sasa umeniambia humu. Yaliyosemwa humu sina ruhusa ya kuyafanyia lolote. Ni kama sijasikia.

Nilijaribu kuyafuta niliyosema. Haifutiki.

Akasema, akiteseka hata yeye, kwamba mtu akija kumwambia nje, kwa sauti ya kawaida, kama habari mpya, basi atashangaa sana na atarudisha. Malipizi: Baba Yetu tatu, na nisipange mipango yoyote mpaka Pentekoste.

Nikatoka mbio kumsubiri nje. Akatoka. Na ndoo ya maua nyuma yake, na nyuma ya ndoo Bibi Attracta. Padri alinitazama kwa matumaini. Akaniuliza kama nina habari yoyote mpya. Bibi akanitazama. Nikasema hali ya hewa ni nzuri.

Jioni.

Nimesali Baba Yetu zote tatu, kwa hiyo nilikuwa msafi. Mpango wa Nne haukuwa mpango. Ulikuwa tikiti. Nilinunua moja, yuro moja, kwa jina la Babu, nikaikunja namna ambayo vidole vyangu vinaijua gizani: kona nne ndani, halafu katikati, kama bahasha ya panya. Padri alipouliza ni mtoto gani atachomoa, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kuuliza. Nikaingiza mkono kwenye ndoo ya tikiti. Karatasi, karatasi, karatasi. Bahasha ya panya! Nikaichomoa, nikaifungua, nikavuta pumzi ya kutangaza.

Attracta Duffy.

Nani alinifundisha kukunja hivyo nilipokuwa na miaka mitano? Nani hukunja hivyo hata orodha ya sokoni?

Ukumbi ulicheka mpaka maji ya kwenye paa yakadondoka. Mwanamke wa beji na makopo tisini na sita! Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, karibu chamani Bi Attracta! Bwana Gormley, ambaye ana ujasiri wa ajabu, akamwuliza kama amletee glasi au atanyanyua kopo. Bibi akamjibu bila kugeuka, nyanyua wewe, umezoea kuinama nyuma ya nguzo. Kumbe alimwona! Ukumbi ukafa kabisa kwa kicheko.

Akapanda jukwaani kuchukua alichoshinda. Juu ya katoni lilikuwa koti. Akalishika. Akalinusa. Akageuza kola.

Sijawahi kuona mtu akisoma herufi chache kwa muda mrefu hivyo.

Kisha akamtazama Babu, aliyekuwa mstari wa tatu ndani ya sweta jembamba katika ukumbi wa baridi. Babu alitazama dari. Bibi akalikunja koti vizuri, akawaamuru vijana wapakie katoni kwenye buti lake, akaondoka. Nilimkimbilia mlangoni nikamwambia kesho ni saa tano. Akapita moja kwa moja. Hata kwaheri hakusema.

Amejua. Amejua kila kitu, na mimi ndiye niliyechomoa.

Baba amerudi kutoka Ufaransa na kuniletea biskuti. Zina ladha ya karatasi. Mama ananiambia nimwombe Mwalimu Heffernan aniwekee mkono mmoja.

Jambo jema la leo: sioni.

Jumamosi, 7 Mei

Nimeandika tarehe hii mara mbili kwa furaha.

Asubuhi nimevaa viatu. Bila soksi tatu ni mashua. Mama amejaza magazeti mbele. Nilitembea kanisani kwa kuburuta, polepole, na Clodagh akasema ninaenda kama malkia mgonjwa. Msimamizi wake alinukia manukato mpaka mishumaa ikayumba. Nyuma yangu palikuwa wazi. Mwalimu Heffernan alikuwa tayari na watoto watatu, akanionyesha kwa macho kiwiko chake cha kushoto kwamba hicho kipo.

Foleni ikasogea. Wanane mbele yangu. Watano. Sikutaka kugeuka. Mtu akigeuka anaona. Wawili.

Mkono ukatua begani kwangu.

Mzito, mkavu, wenye harufu ya sabuni ya kufulia. Nikaujua bila kugeuka. Bibi Attracta akaninong'oneza kwamba ninyooshe mgongo, Roho Mtakatifu hashuki kwenye mtelezo.

Nikapiga hatua kwenda kwa askofu. Kiatu cha kushoto kikabaki. Nikafika mbele na mguu mmoja wa soksi na gazeti la michezo likinifuata sakafuni. Askofu akauliza jina nililochagua. Nikasema Brigida. Akatazama mguu, akatazama gazeti, akanipaka mafuta bila neno. Mkono wa Bibi haukutikisika hata kidogo.

Kisha sote tulisimama tukaahidi mbele ya Mungu kutoonja pombe mpaka tutimize miaka kumi na minane. Niliahidi kwa sauti yangu yote. Nyuma yangu Bibi naye aliahidi, ingawa ameuzidi umri huo kwa miaka hamsini na mitano.

Nyumbani sasa. Meza imetandikwa, nyama ya nguruwe, viazi vya namna tatu. Babu kichwani pa meza. Bibi akafika akasimama kizingitini, hakuingia. Nyuma yake Baba na sajini wamebeba katoni nne. Babu akauma shavu. Akaniambia nimwulize dada yake hizo ni za nini. Bibi akaniambia nimwambie kaka yake kwamba ni bia. Babu akaniambia nimwulize, bei gani.

Bibi akaniambia nimwambie kaka yake: yuro moja. Tikiti moja. Zote nne.

Hata zamani haikuwahi kuwa bei hiyo! Babu akazihesabu katoni kwa kidole.

Akaniambia nimwulize, na kiapo chake yeye, cha bia ya mpakani? Bibi akasema nimwambie hizi hazikutoka mpakani. Zimetoka kanisani. Padri mwenyewe amezitoa mkononi mwake, na Padri hajui zilikotoka.

Kisha akatoa koti lililokuwa mkononi. Limefuliwa. Limepigwa pasi. Kifungo cha katikati, ambacho kilipotea kabla sijazaliwa, kipo. Akasema, sasa bila kunitazama mimi, kwamba jana alipolinyanyua koti juu ya magendo alimwona mama yao. Alivyokuwa akivuka mpaka kwa miguu na siagi chini ya koti, anasali rozari mbele ya askari wa forodha, siagi inayeyuka inamtiririka mpaka kwenye viatu. Na wao wawili wakiisubiri nyumbani na mkate.

Babu akasema nimwambie dada yake kwamba... Akainuka. Akavuta kiti cha kulia kwake.

"Attracta," akasema. "Kaa."

Akakaa. Babu akammiminia soda nyekundu ya limau kwenye glasi ya harusi. Bibi akaweka mezani mkate wa kahawia, bado wa moto. Babu alikula vipande vinne. Mama aliona.

Sherehe! Habari ya katoni za yuro moja ilienea haraka, na saa nane parokia yote ilikuwa kwetu. Watu wazima walinipongeza kwa kiapo changu cha kutokunywa, makopo yakiwa juu. Padri Canice alipewa kopo moja, akalitazama kwa majonzi, akalinywa. Kwa Clodagh ilibaki ngome inapepea peke yake. Jioni Bwana Gormley akaja kuwafuata wageni wake, akaona kwenye katoni kibandiko cha bei kwa pauni. Akasema ndivyo nchi inavyouzwa. Babu akasema kwamba ameona, kwa jicho lake zuri, nani alikuwa nyuma ya nguzo. Bwana Gormley akaapa. Hatatuuzia tena hata maziwa.

Jambo jema la leo: nimelala chali kitandani na kutabasamu.

Jumapili, 8 Mei

Mimi ni mtu mpya. Nina vipaji saba vya Roho Mtakatifu, kikiwamo cha shauri. Nimetafakari wiki nzima na nimejifunza kwamba ujanja hauna maana, na ukweli ulio wazi ndio njia. Nimeandika hivyo kwa wino mwekundu na kupigia mstari.

Chai bila maziwa ni chungu.

Nimefikiri kidogo. Bwana Gormley ni mtu mzuri, amekasirika tu, na binti yake hana rafiki wa kurukia naye. Mtu aliyekasirika hutulizwa na zawadi. Zawadi nzuri ni katoni. Katoni nzuri ziko Newry. Nimwekee moja mlangoni, kwa siri, kama roho njema, naye atajua kwamba Kilnacor inampenda.

Padri alinikataza kupanga mipango mpaka Pentekoste. Huu haukupangwa. Umenijia wenyewe.

Na viatu vinanipwaya, kila mtu ameona, hata askofu. Bibi Attracta amekubali kunipeleka Jumatano kuvibadilisha. Babu atakuja kwa ajili ya miwani. Safari hii hatutakosea gari. Nimemwambia Babu asitazame rozari peke yake. Atafute gari dogo, la kijivu, lenye rozari na Mtakatifu Kristofa.